Kabla ya Kupanda Boti Naivasha, Mtafute Nahodha Anayejua Kukataa

Watu wengi wanaokwenda kutembea kwa boti Ziwa Naivasha hufika ziwani saa mbaya. Wanatoka Nairobi Jumamosi saa tatu asubuhi, wanakwama kwenye foleni ya magari, wanasimama kando ya barabara kulipiga picha Bonde la Ufa, wanaagiza nyama choma mjini, na ikitimia saa nane au tisa mchana ndipo wanashuka ufuoni. Watoto wamechoka, jua linachoma, upepo umeshaanza kuyachafua maji. Wanabishana bei, wanapakiwa kwa haraka, wanakimbizwa nusu saa, wanaoneshwa migongo miwili ya viboko, kisha wanarudishwa wamelowa hadi magotini. Jioni wanawaambia wenzao kwamba Naivasha haina kitu.

Kitu kipo, tena kingi, na kwa mwananchi wa kipato cha kawaida sijui matembezi mengine ya karibu na Nairobi yanayolipa kama haya. Ni kilomita 90 hivi kutoka jijini. Hulazimiki kuwa na gari: matatu za Naivasha zinajaza abiria kutwa nzima, na ukifika mjini unapanda nyingine inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa kuelekea Kongoni, ushuke Karagita, Kamere, au kwenye lango la hoteli yoyote yenye gati. Tatizo ni kwamba safari ya boti huharibika au kufaulu kabla injini haijawashwa. Saa uliyochagua na mtu uliyemchagua ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu.

Tuanze na saa. Ziwa hili liko juu sana, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, limezungukwa na kuta za bonde na milima. Alfajiri hewa imetulia na maji yamelala. Jua likipanda, sakafu ya bonde inapata moto, hewa inaanza kusukumana, na kuanzia adhuhuri upepo unalishukia ziwa, siku nyingine kwa ghafla. Sehemu kubwa ya Naivasha ina kina cha mita chache tu, na kwenye maji ya kina kifupi wimbi huja fupi na kali, moja limelikanyaga jingine. Boti ndogo ya faiba hupigwapigwa hadi abiria hawajui tena washike kofia au washike mtoto. Kwa hiyo jitahidi uwe umeshapanda boti saa moja asubuhi, au saa mbili ikishindikana. Hiyo ina maana ya kulala Naivasha. Karagita kuna vyumba vya bei nafuu, na kando ya ziwa ziko kambi zinazoruhusu kupiga hema. Gharama ya kulala inauma, lakini asubuhi moja iliyotulia ina thamani kuliko alasiri tatu za upepo. Kuna wanaosifu saa kumi na moja jioni, na kweli siku upepo ukikubali kulala mwanga wa jioni unapendeza mno. Ila hiyo ni bahati nasibu, na giza linakuwa nyuma yako.

Beba sweta. Mtu wa Mombasa au Kisumu hawezi kuamini baridi ya asubuhi ya pale, hasa Julai, boti ikiwa inakata hewa. Kufikia saa tatu utalivua na kuanza kutafuta kofia, nayo iwe na kamba ya kidevuni.

Sasa mtu. Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike hata akiyaacha mengine yote. Kwenye fuo nyingi za umma, mwenye boti ni mmoja, nahodha ni mwingine, na yule kijana aliyekupokea barabarani kwa tabasamu ni wa tatu. Wote wanalipwa kutoka kwenye pesa yako, na mara nyingi nahodha hulipwa kwa safari. Safari asiyokwenda ni mlo uliopotea. Kwa hali hiyo, abiria wanapomwambia "tuongeze hawa wawili, ni ndugu zetu," au "sogea kidogo tu," kila kitu maishani mwake kinamsukuma aseme ndiyo. Nahodha anayeweza kusema hapana mbele ya mteja anayelipa ndiye mtu unayemtafuta. Wapo, na wengi wao ni watu wazima waliowahi kuvua samaki humo na wanaomjua kiboko kwa hasara zake.

Utamjuaje? Zungumza naye mwenyewe, si na dalali. Muulize boti yake imeruhusiwa kubeba watu wangapi, kisha mwambie mko wengi kuzidi hapo. Akisema "mtajipanga tu, hakuna shida," mshukuru uende kwa mwingine. Muulize upepo wa jana ulianza saa ngapi. Anayejua kazi yake atakujibu kwa saa na upande uliotokea. Asiyejua atakwambia kuko sawa. Omba kuona leseni. Boti za abiria zinatakiwa kukaguliwa na Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya, KMA, na nahodha mwaminifu hachukizwi na ombi hilo. Tazama ndani ya boti: kuna kasia au upondo endapo injini itazima? Kuna kitu cha kutolea maji? Mafuta yamo ya kutosha, au dumu linakuja "sasa hivi" na bodaboda?

Kuhusu wingi wa abiria sitaki mtu anione mwoga. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gatini. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Kilikuwa kimepakia zaidi ya mara mbili ya hao, na waliokufa walizidi 220. Boti ya Naivasha ni ndogo na safari ni fupi, lakini maji hufuata kanuni ile ile. Boti iliyozidiwa hukaa chini, na wimbi ambalo lingepita ubavuni huingia ndani.

Jaketi la kuokolea livaliwe nchi kavu, kabla mguu haujagusa boti. Usikubali la kukalia, la kuegemea, wala lililofungwa kifungo kimoja kwa sababu vingine vimekatika. Ukishalivaa na kufunga mikanda yote, mwambie mwenzako asimame nyuma yako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa kwako, na majini litakutoka. Kwa watoto kipimo hiki ni lazima. Nimeona mzazi akimvika binti wa miaka minne jaketi la mtu mzima lililomfika magotini, kisha akamfunga kamba kiunoni kama mzigo. Nahodha alilivua bila kusema neno, akaenda boti ya jirani, akarudi na dogo lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, akalikaza, akamnyanyua yule mtoto kidogo kwa mabega ya jaketi kuhakikisha halitoki, ndipo akampandisha. Ukifika mahali wakasema la mtoto halipo, mtoto haendi. Baki naye ufuoni mhesabu mwari, wengine wazunguke.

Ndani ya boti, kila mtu akae pale alipopangiwa. Hatari ya kawaida kuliko zote huja wakati wa furaha: mmoja anapaza sauti "kiboko!", na wote wanahamia upande mmoja na simu mkononi. Kubalianeni mapema kwamba atakayeona kitu atanyoosha kidole, na nahodha ndiye atakayegeuza boti ili kila mtu aone akiwa ameketi. Simu iwe na kamba shingoni au ndani ya mfuko usioingia maji. Ikitokea mtu ameanguka, au boti imepinduka lakini inaelea, asiiache boti akaogelea kuelekea kwenye mafunjo kwa kuwa yanaonekana karibu. Humo kwenye mafunjo ndimo viboko wanamoshinda.

Na viboko ndio sababu ya wengi kwenda. Mchana hukaa majini kwa makundi, kwenye maji ya kina kifupi karibu na mafunjo. Usiku hutoka kula majani, ndiyo maana hoteli za pale huwasindikiza wageni vyumbani gizani. Dume hupita tani moja na nusu, naye haelei kama bata: hutembea na kukimbia juu ya tope la chini. Aweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi. Kwa hiyo unapoona masikio saba juu ya maji, swali la nahodha ni wako wapi wale ambao masikio yao hayaonekani. Anatazama mapovu, na mistari ya maji inayotembea bila upepo. Anahakikisha boti haikai kati ya kundi na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko wanakokimbilia wakishtuka. Injini huiacha ikinguruma polepole, ili wajue alipo na ili aweze kuondoka mara moja. Kiboko akipanua kinywa ukadhani anapiga miayo, huo ni utishaji, na boti irudi nyuma.

Siku moja upande wa Kamere mama mmoja alimwomba nahodha, "Kepteni, songa kidogo, hii picha haijakaa vizuri." Akajibiwa kwa upole, "Mama, yule ana mtoto. Hapa ndipo mwisho wetu," na boti ikaanza kurudi nyuma. Mama alinuna. Haikupita muda, kichwa kingine kikaibuka kati yetu na lile kundi, mahali ambapo sisi abiria tulikuwa tumeona maji matupu. Wavuvi wa pale, hasa wale wanaoingia majini kwa miguu hadi kifuani kutafuta samaki, wanauawa na kujeruhiwa na wanyama hawa. Usimfanye nahodha achague kati ya picha yako na maisha ya watu sita. Mwambie tangu ufuoni: "Kaka, ukiona si salama kusogea, usitusikilize." Maneno hayo humpa uhuru wa kufanya kazi yake, na utaona hata uso wake unabadilika.

Mnapopatana bei, ulizeni kama ni ya boti nzima au ya kila kichwa, ni ya muda gani, na kama ada ya kuingia ufuoni au hotelini imo ndani. Halafu omba jambo ambalo wateja hawaombi: mwendo wa pole. Wengi hudhani wakienda mbali ndio wamefaidi. Ziwa hili ni la kukaribia taratibu na kusimama. Saa moja na nusu kwenye kipande kimoja cha ufuo, injini ikiwa chini, itakupa zaidi ya kuzungushwa ziwa zima ukiwa umefumba macho kwa ajili ya matone.

Kwa mfano, miti iliyozama. Tangu maji yalipopanda sana kuanzia mwisho wa 2019 na mwaka 2020, yakafunika mashamba, magati na nyumba za watu mtaa wa Kihoto, migunga iliyokuwa nchi kavu ilibaki imesimama ziwani na kufa. Ukiitazama kutoka barabarani ni huzuni tupu. Ukiingia katikati yake kwa boti taratibu, unakuta kila tawi lina mwenyeji. Mnandi wamekaa wametandaza mbawa zikauke. Mdiria mweusi kwa mweupe anasimama hewani akipiga mbawa, anashuka kichwa mbele, anaibuka na samaki mdogo wa kidole kimoja, anampigiza kwenye tawi kabla ya kummeza. Chini, juu ya magugumaji, anatembea ndege mwembamba mwenye vidole virefu ambavyo humgawia uzito asizame. Humo pia ndimo visiki vilivyofichika vinavyovunja rafadha, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokwenda mbio. Nahodha mzuri huinua injini nusu na kusukuma kwa upondo.

Furukombe, tai yule mwenye kichwa cheupe, wamejaa Naivasha na sauti yao utaisikia kabla hujawaona. Karibu kila nahodha atajitolea kukuoneshea mchezo wa samaki: amemnunua ufuoni, amemtia kipande cha funjo ili aelee, anapiga mluzi, anamrusha, na tai anashuka kumnyakua mbele ya kamera. Ni picha ya ajabu, sikatai. Mimi namwomba asifanye. Ndege aliyezoea kulishwa huanza kuzifuata boti, na kinachooneshwa hapo ni mazoea aliyofundishwa. Ukiwa na subira ya nusu saa kwenye asubuhi tulivu, una nafasi kubwa ya kumwona akiwinda kwa hiari yake, na hiyo hutaisahau. Mwambie nahodha kwamba pesa ya samaki utampa vilevile.

Kisiwa cha Crescent kina sifa zake, na kinastahili muda tofauti. Umbo lake la mwezi mchanga ni ukingo wa kasoko ya volkano iliyozama, na ghuba iliyo ndani ya ukingo huo ndipo penye kina kirefu kuliko sehemu zote za ziwa. Ni hifadhi ya watu binafsi, kwa hiyo kuna ada yake ambayo haimo kwenye bei ya boti. Hakuna simba wala wanyama wengine wakubwa wanaokula nyama, na unatembea kwa miguu miongoni mwa twiga, punda milia, kuro na nyumbu. Kubaliana na nahodha saa kamili ya kukufuata, chukua namba yake, na uwe umerudi majini kabla ya adhuhuri. Waliobaki kula chakula cha mchana kisiwani ndio hao wanaorudi wakipigwa na mawimbi. Mkipita upande wa mashariki mwambieni awaoneshe maji zilikotua ndege za Imperial Airways kuanzia 1937, zile zilizotua na kuruka juu ya maji. Abiria kutoka Uingereza walishukia hapo na kupelekwa Nairobi kwa barabara. Watoto hulipenda hilo kuliko nilivyotarajia.

Oloiden, ziwa dogo la pembe ya kusini-magharibi, hubadilika kufuatana na kina cha maji. Likitengana na ziwa kubwa huwa na magadi, na heroe huja. Maji yakipanda huungana, magadi hupungua, na ndege hao huondoka. Usilipe safari ya heroe kwa picha ya zamani uliyooneshwa kwenye simu. Piga simu kwa mtu aliye huko, uulize leo wapo au hawapo.

Uliza pia habari za magugumaji. Yanaelea kwa makundi makubwa na kwenda upepo unakoyapeleka. Gati lililokuwa wazi asubuhi laweza kuzibwa saa tano. Nahodha awe na mahali pa pili pa kuteremshia watu, na wewe usiwe na hasira akikushusha huko ukatembea kidogo.

Aliyeipenda Naivasha aende Baringo safari ijayo. Ni mbali zaidi, kaskazini ya Nakuru, joto lake ni kali na maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Boti huondokea Kampi ya Samaki. Yale niliyosema kuhusu viboko yazidishe, kwa sababu Baringo kuna mamba pia, kwa hiyo mkono haukai nje ya boti. Lakini utawaona wavuvi wa Ilchamus wakipiga kasia kwenye vyombo vyao vidogo vya miti myepesi, wamekaa karibu ndani ya maji, na utafika kisiwa cha Ol Kokwe chenye chemchemi za maji ya moto. Ni ziwa hilohilo ambamo twiga tisa walikwama kwenye kisiwa maji yalipopanda, wakavushwa kwa chelezo maalumu kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021. Mwombe nahodha akupitishe karibu na walikovushwa.

Kisumu nako kuna ufuo wa Dunga, na asubuhi kwenye mafunjo yake ni nzuri ajabu. Ila Victoria ni ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na dhoruba zake hazifanani na za Naivasha. Pale kaa karibu na ufuo, rudi mapema, na wingu jeusi likitokea usihesabu dakika ulizolipia.

Malipo yakamilishwe nchi kavu baada ya safari, ikiwezekana kwa M-Pesa kwa namba ya biashara ya boti, na bakshishi ya mkononi mpe nahodha mwenyewe ili isipitie kwa mtu. Kama alikukatalia kitu ukiwa majini, muongeze kwa hilo, na umwambie ni kwa hilo. Hifadhi namba yake. Safari ijayo mpigie yeye moja kwa moja jioni ya kuamkia siku yenyewe, umuulize upepo umelalaje. Na akisema kesho msije, ahirisha.